Sayyid Majid bin Said, Mwasisi wa Dar es Salaam, na Mipaka ya Enzi Yake

Mwamini anayetoka katika Misa ya asubuhi kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na kushika Barabara ya Sokoine, bandari ikiwa kushotoni mwake, hupita mbele ya majengo mawili ya kale ambayo wengi wetu huyapita bila kuyatazama. Moja ni Boma la Kale, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi ya Kizanzibari. La pili ni nyumba ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Nyumba hiyo huitwa Atiman House, kwa heshima ya Adrian Atiman, yule katekista na tabibu wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye utotoni mwake aliuzwa utumwani. Mapokeo ya mji yasema kwamba nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya wake wa Sultani. Majengo yote mawili ni ya miaka ya 1860, na waliobeba mawe yake wengi wao walikuwa watumwa. Kwamba mojawapo sasa lina jina la mtu aliyewahi kuwa mtumwa ni jambo ambalo mjenzi wake hakuweza kulifikiria.

Mjenzi huyo ni Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1856 hadi mwaka 1870. Katika orodha za masultani hutajwa kwa haraka, kwa sababu amebanwa kati ya baba aliyekuwa mkubwa kuliko yeye na ndugu aliyekuwa hodari kuliko yeye. Hata hivyo mji tunaoishi ni wake, na wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki wa zama hizi katika Afrika Mashariki waliingia kwa ruhusa yake. Maisha yake yanatufundisha pia jambo ambalo ramani za shule hazilionyeshi, yaani jinsi enzi ya mtawala mkuu ilivyoweza kuenea mbali sana na bado kusimamishwa mlangoni mwa mkuu wa kijiji.

Majid alizaliwa Unguja, yapata mwaka 1834. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kupanda mikarafuu. Alidai utawala juu ya pwani yote tangu Mogadishu hadi Rasi ya Delgado. Mwezi Oktoba mwaka 1856, akiwa safarini kutoka Muscat kurudi Unguja, Sayyid Said alifariki dunia melini karibu na visiwa vya Ushelisheli. Hakuacha wosia uliokubaliwa na wote. Thuwaini, mwanawe mkubwa, alikuwa Muscat akitawala kwa niaba ya baba. Majid alikuwa Unguja, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mpole wa tabia, na mwenye maradhi ya kifafa yaliyomsumbua tangu utotoni. Wakuu wa Unguja walimkubali yeye.

Hapo ndipo dola ikapasuka vipande viwili. Thuwaini alidai kwamba Unguja ni sehemu ya Oman na kwamba Majid ni gavana wake tu. Majid alikubali kumpelekea ndugu yake riale 40,000 kwa mwaka, lakini swali likabaki: fedha hizo ni zawadi ya ndugu kwa ndugu, au ni kodi ya mtawala mdogo kwa mkubwa? Swali hilo si la wahasibu. Anayetoa zawadi ni huru, na anayetoa kodi ana bwana. Malipo yalipokatika, Thuwaini alikusanya merikebu mwaka 1859 ili aje kuichukua Unguja kwa nguvu, na Waingereza wakamzuia baharini. Mwaka uleule, mwezi Oktoba, ndugu mwingine, Barghash, aliasi ndani ya Unguja kwenyewe. Aliungwa mkono na ukoo wa Al-Harthi na hata na baadhi ya dada zake, akiwemo Salme, ambaye baadaye alikimbilia ng'ambo, akaolewa na Mjerumani na kuandika kumbukumbu za maisha yake. Waasi walijifungia katika shamba lililoitwa Marseille. Askari wa Majid hawakuweza kuwatoa hadi mabaharia wa manowari ya Kiingereza walipoingilia kati. Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni.

Hatimaye shauri la ndugu wawili likapelekwa kwa mtu wa tatu, Lord Canning, aliyekuwa mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza. Tarehe 2 Aprili 1861 Canning aliamua kwamba Unguja na Oman ziwe nchi mbili zilizotengana, na kwamba Majid aendelee kulipa riale 40,000 kila mwaka, si kwa sababu yu chini ya Muscat, bali ili kusawazisha urithi. Majid akawa mfalme kamili. Lakini alikuwa mfalme kamili kwa hati iliyoandikwa na mgeni, na tangu siku ile hakuna mtu Unguja aliyesahau jambo hilo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Msomaji wa Injili hatashangaa kuona hali ya namna hii. Mtakatifu Luka, anapoanza kusimulia utume wa Yohane Mbatizaji, anawapanga watawala wa siku zile kwa ngazi: juu kabisa Kaisari Tiberio, kisha Ponsio Pilato liwali wa Uyahudi, kisha Herode mtawala wa Galilaya na nduguye Filipo. Baadaye, Pilato alipotambua kwamba Yesu ni Mgalilaya, alimpeleka kwa Herode, kwa kuwa mtu wa Galilaya alikuwa chini ya Herode. Dola zote za kale zilikuwa na ngazi hizo na mapengo kati ya ngazi na ngazi. Majid alikuwa Kaisari kwa wengine na Herode kwa wengine, kutegemea aliyesimama mbele yake alikuwa nani.

Na tuanze karibu na kasri lake. Katika kisiwa cha Unguja kwenyewe palikuwa na mfalme mwingine, Mwinyi Mkuu wa Wahadimu, aliyekaa Dunga, katikati ya kisiwa. Ukoo wake ulikuwapo kabla Waarabu wa Oman hawajafika. Alikuwa na ngoma zake na siwa zake, ambazo zilikuwa alama za enzi. Sayyid Said alimwachia cheo chake, naye Mwinyi Mkuu alikusanya kodi ya kichwa kwa mikono ya masheha wake, akapeleka sehemu kwa Sultani na kubaki na sehemu yake. Mapokeo husimulia kwamba Said aliwahi kumfunga Mwinyi Mkuu mmoja. Mvua ikakosekana kisiwani kwa miaka mitatu, hadi mfungwa alipoachiliwa na kurudishiwa heshima yake. Tusibishane hapa kuhusu mvua. Maana ya kisa hiki katika vinywa vya waliokisimulia i wazi: Sultani aliweza kumkamata mfalme wa wenyeji, lakini hakuweza kuchukua nafasi yake machoni pa watu. Majid alifuata desturi ya baba yake. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alipofariki mwaka 1865, mwanawe Ahmad alimrithi. Ukoo huo ulikoma mwaka 1873, huyo Ahmad alipofariki, na baada yake hakuwekwa mwingine.

Hata katika dini palikuwa na mpaka. Majid na jamaa zake walikuwa Waibadhi, lakini Waislamu walio wengi wa visiwani na mwambao walikuwa Wasunni wa madhehebu ya Shafi. Sultani hakujaribu kuwageuza. Makadhi wa madhehebu zote mbili walihukumu kila mmoja watu wake. Katika karne ile ambapo watawala wengi wa Ulaya bado walisumbuka na raia wa madhehebu tofauti na yao, hilo lilikuwa jambo la busara, ingawa pia lilikuwa ni kukiri udhaifu.

Kaskazini mambo yalikuwa magumu zaidi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa imemtoa jasho baba yake kwa miaka mingi, na ni katika siku za Majid tu ndipo ilipotiishwa. Ahmad aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate, hakukubali kuinama. Alivuka hadi bara na kujijengea makao Witu, katikati ya msitu, ambako watumwa watoro na watu wengine waliochoka na bwana zao walimfuata. Sultani alikuwa na merikebu, lakini merikebu haziingii msituni.

Katika mwambao wa Tanga na Pangani palikuwa na mfalme mwenye nguvu kweli, Kimweri ye Nyumbai wa Wasambaa, aliyeketi Vuga milimani. Huko madiwani wa miji ya pwani walitafuta kutambuliwa mara mbili, na Kimweri na Sultani. Mwaka 1853 Kimweri alikubali askari wachache wa Kibaluchi wa Sultani wakae katika ngome ndogo ya Tongwe, juu ya kilima kinachotazama bonde. Anayeitazama ramani angesema kwamba Sultani ameingia Usambara. Ukweli ni kwamba mfalme wa Usambara alimruhusu Sultani kuweka walinzi pale palipomfaa yeye mwenyewe. Kimweri alipofariki mwaka 1862, warithi wake walianza kupigana, na mpangilio ule wa mabwana wawili ukavunjika, kwa sababu ulisimama juu ya mapatano ya watu wazima wawili, si juu ya sheria.

Mbali zaidi, Unyanyembe, wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora waligombana na mtemi Mnywa Sere, aliyetaka kutoza ushuru mali zao. Walimwondoa wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sere akawapiga vita vya msituni kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Waarabu hao walijiita raia wa Majid na kupeperusha bendera yake nyekundu, lakini vita ile waliianza wenyewe. Ule msemo maarufu kwamba zumari ikipigwa Unguja watu hucheza hadi kwenye maziwa makuu una chembe ya ukweli kuhusu biashara. Bei ya pembe za ndovu Unguja ilisikika Ujiji. Amri ya Unguja haikusikika hivyo.

Sasa turudi nyumbani, kwenye ardhi hii tunayoikanyaga. Kabla ya Majid palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima, upande wa bahari, karibu na mahali ilipo leo hospitali ya Ocean Road. Wakuu wake walikuwa wa jamii ya Washomvi, Waswahili ambao mapokeo yao yanawapeleka hadi Barawa, nao walienea katika vijiji vya pwani hadi Bagamoyo. Nyuma yao, kuanzia mabonde ya Msimbazi na vilima vya Pugu na Kisarawe, ilikuwa nchi ya Wazaramo, ambao wakuu wao waliitwa mapazi. Eneo la Kariakoo, ambalo leo halina hata nafasi ya kuweka mkokoteni, lilikuwa mashamba na vichaka kwenye njia ya kwenda kwa mapazi hao. Jina lake lenyewe lilikuja baadaye sana, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Kati ya Washomvi na Wazaramo palikuwa na mapatano ya kale. Inasimuliwa kwamba Wakamba walipowavamia Washomvi, hao waliomba msaada kwa Pazi Kilama, mwindaji wa ndovu aliyetoka upande wa Uluguru, naye akawafukuza wavamizi. Tangu hapo Washomvi walitoa ada kila mwaka iliyoitwa kanda la Pazi. Kwa hiyo mtu wa bara alikuwa na haki juu ya mtu wa pwani, na haki hiyo ilikuwapo kabla bendera ya Sultani haijapandishwa. Tena mapazi walikuwa wengi, kila mmoja na kijiji chake au vijiji vyake. Angekuwapo mfalme mmoja wa Wazaramo, Sultani angeweza kumshinda au kumnunua. Kwa wakuu wengi wadogo hakuna wa kushindwa mara moja, na kila mmoja hutaka zawadi yake.

Majid alijua jambo hilo tangu utoto. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, mwaka 1845, Mfaransa kijana aliyeitwa Eugène Maizan aliuawa kikatili huko Dege la Mhora, katika nchi ya Wazaramo, na mkuu aliyeitwa Mazungera. Serikali ya Ufaransa ilidai haki kwa Sayyid Said, kwa kuwa yeye ndiye aliyejiita bwana wa nchi ile. Said alituma watu wenye silaha. Hawakumpata Mazungera. Walirudi na mtu mdogo tu, ambaye inasemekana alikuwa mpiga ngoma siku ya mauaji, naye akakaa minyororoni Unguja kwa miaka mingi. Huo ndio msiba wa mtawala anayedai zaidi ya anachokimiliki: huitwa kujibu makosa ya watu asioweza kuwakamata, na mwishowe adhabu humwangukia mnyonge. Kwangu mimi, mpiga ngoma yule asiye na jina ndiye anayeumiza moyo zaidi katika habari hii yote.

Majid naye alionja hali hiyohiyo. Mwaka 1860 Waingereza Speke na Grant walipoondoka Bagamoyo kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, Sultani aliwapa askari wa Kibaluchi wa kuwasindikiza. Hata hivyo, safari ilikuwa bado changa, wangali Uzaramo, walipodaiwa hongo na mapazi, na wakalipa. Ugogo wakalipa tena. Askari wa Sultani walikuwapo, wakitazama. Isidhaniwe kwamba hongo ile ilikuwa unyang'anyi mtupu. Ilikuwa ushuru wa mwenye nchi, na aliyeilipa alipewa njia, maji na soko la chakula.

Kwa nini basi Majid aliamua kujenga mji mahali hapa? Sababu zilikuwa kadhaa. Bandari hii imejificha, ina kina kirefu na imekingwa na upepo, nayo haiko mbali na Unguja. Bagamoyo na Kilwa zilikuwa miji ya zamani yenye wenyewe, lakini Mzizima ilikuwa kijiji kidogo. Huku Majid angeweza kuanza upya, mbali na jamaa waliomwonea wivu, mbali na mabalozi waliopima kila hatua yake, na mbali na wadai wake. Maana Majid alikuwa na deni kubwa kwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi ya Jairam Shivji, waliokodi ushuru wa forodha na kumkopesha fedha juu ya ushuru huohuo. Kama misafara ya pembe za ndovu ingeteremkia katika bandari yake mwenyewe, na sandarusi iliyochimbwa na Wazaramo ikauzwa mlangoni pake, pengine angepumua.

Eneo lilichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, na ujenzi ukashika kasi mwaka 1865 na 1866. Mawe ya matumbawe yalichimbwa, boriti za mikoko zikaletwa, minazi ikapandwa, visima vikachimbwa. Kasri ilisimama kando ya maji, na nyuma yake nyumba za wageni na maofisa, ambazo Boma la Kale ni mojawapo. Waarabu wa Hadhramaut walivutiwa waje kulima na kufanya biashara. Wahindi wachache walifungua maduka. Mji ukapewa jina la Dar es Salaam, nyumba ya amani. Mwezi Septemba mwaka 1867 Majid aliwaalika mabalozi wa mataifa makubwa kwenye karamu katika kasri yake mpya, nao wakaja kwa meli, wakala, wakasifu bandari.

Katika mpango huo wote Majid hakuwafukuza Washomvi wala hakuwavunja mapazi. Hakuwa na uwezo huo, na nadhani alijua. Alifanya walivyofanya watawala wa mwambao siku zote: alimweka liwali wa kusimamia mambo yake, akaweka askari wachache, na kwa wakuu wa wenyeji akatumia zawadi, vilemba, nguo na maneno mazuri. Mzaramo aliyeleta mtama na sandarusi sokoni alimtii Pazi wake kwanza. Ikiwa Pazi alikasirika, njia zilifungwa, na mji wenye kasri na bendera ungeweza kukosa chakula. Mtu akitaka kujua nani alikuwa na nguvu Dar es Salaam mwaka 1867, asihesabu mizinga, bali aulize mtama umetoka wapi.

Tusifiche upande wa giza. Miaka ya Majid ilikuwa miaka ya biashara kubwa mno ya watumwa. Watu wasiopungua maelfu kwa maelfu walipitishwa kila mwaka kutoka Kilwa kwenda soko la Unguja, na hazina ya Sultani ilipata ushuru kwa kila kichwa. Waingereza walipomsukuma, mwaka 1864 alikataza kusafirisha watumwa baharini katika miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati majahazi ya Kiarabu yanapongoja upepo wa kurudi kaskazini. Amri hiyo ilivunjwa wazi na Waarabu wa kaskazini, ambao waliiba watoto hata katika mitaa ya Unguja, na Sultani aliwaogopa. Hapa mpaka wa enzi yake hauna lolote la kupendeza. Mapazi walipomwekea mpaka walikuwa wakilinda haki yao, lakini wezi wa watoto walilinda faida yao tu. Tena yeye mwenyewe hakuwa na nia thabiti, kwa kuwa biashara ile ilimlisha.

Ndani ya hali hiyo ndipo Kanisa lilipoingia. Tarehe 22 Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wenzake na masista, na Noeli ya mwaka ule ikaadhimishwa kwa Misa Takatifu mjini. Majid, aliyekuwa ametoka katika uasi wa ndugu yake mwaka mmoja tu nyuma, aliwapokea kwa adabu na kuwaruhusu kuwa na nyumba ya sala, zahanati na karakana. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Padre Antoine Horner akafika. Mapadre walitafuta mahali bara pa kuwakalisha watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kwa ruhusa ya Majid misioni ya Bagamoyo ikaanzishwa mwaka 1868. Huo ndio mwaka ambao Kanisa la Tanzania Bara huhesabia jubilei yake.

Mara nyingi katika mahubiri ya jubilei tunasikia kwamba Sultani alitupa Bagamoyo. Ni kweli kwa nusu. Kibali cha Sultani kilifungua mlango kwa mabalozi, kwa liwali na kwa askari wa forodha. Lakini katika mwambao huu barua ya Sultani peke yake haikumpa mgeni shamba wala jirani. Bagamoyo ilikuwa na madiwani wake wa Kishomvi wenye haki za kale juu ya ardhi na ada, na nyuma yao mapazi walewale wa Wazaramo. Mgeni aliyewapuuza hakukaa kwa amani, awe mfanyabiashara au padre. Wamisionari walijifunza kuishi na ngazi zote mbili, wakimsalimu Sultani Unguja na kuongea na wazee wa mji. Ni haki wazee hao nao wakumbukwe jubilei zinapoadhimishwa, ingawa hawakuacha hati yenye muhuri.

Miaka ya mwisho ya Majid ilikuwa ya huzuni. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilishuka kutoka bara na kuua watu wengi sana pwani na Unguja. Wamisionari na waliokombolewa huko Bagamoyo hawakusalimika. Afya ya Sultani ilizidi kudhoofika. Ujenzi wa Dar es Salaam ulisuasua, na misafara mingi iliendelea kuteremkia Bagamoyo kama zamani, kwa kuwa njia, wapagazi na wenyeji walioizoea biashara walikuwa huko. Misafara nayo ilikuwa huru kuchagua. Majid alifariki mwezi Oktoba mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Hakuacha mwana wa kiume, bali binti.

Barghash, yule aliyeasi, akashika kiti. Hakuupenda mji wa kaka yake, akauacha. Paa zilianza kuanguka, majani yakaota kwenye nyua, na wengi wa waliokuja kwa ahadi za Majid wakaondoka. Mwaka 1877 wafadhili wa Kiingereza walianza kujenga barabara kutoka hapa kuelekea Ziwa Nyasa, nayo ikaachwa njiani baada ya miaka michache. Mwaka 1887 Wajerumani walifika na kuchagua bandari hiihii, na miaka minne baadaye wakaufanya mji kuwa makao makuu ya koloni lao. Kasri ya Majid haipo tena.

Katika miaka ile ya katikati, kati ya kuondoka kwa Sultani na kufika kwa Wajerumani, Mzizima haikufa. Wavuvi waliendelea kuvua, Washomvi wakaendelea kuamua mashauri yao, na Wazaramo waliteremka kutoka Kisarawe na Pugu wakiwa na mtama, kuku na sandarusi, wakauza kandokando ya kuta zilizopasuka, kisha wakarudi kwa mapazi wao kabla ya jua kuzama.